Uliza Kwanza: Nusu ya Nini?

Ndugu msikilizaji, ukitaka kumtambua mtu aliyepitia shule ya msingi hapa Tanzania, usihangaike kumwomba cheti. Mtajie neno moja tu: MAGAZIJUTO. Akitabasamu, huyo ni mwenzetu. MAGAZIJUTO si jina la gazeti wala la mto. Ni kifupisho ambacho walimu wetu walitupa ili tukumbuke utaratibu wa kukokotoa hesabu yenye matendo mengi: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Watu wamesahau majina ya walimu wao, wamesahau hata wimbo wa shule, lakini MAGAZIJUTO ipo pale pale kichwani kama msumari kwenye mninga.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mbinu hizi za kukumbukia, na hasa zile zinazotumika katika hesabu za sehemu. Nikisema sehemu nina maana ya nusu, robo, theluthi na ndugu zao. Najua wapo ambao wakisikia hesabu mkono unakwenda wenyewe kwenye swichi ya redio. Tulia kidogo, mzee wangu. Tulia, mama. Leo jioni utamtuma mtoto dukani akuletee nusu ya sukari na robo ya maharage. Jambo hili linakuhusu.

Kwanza tuzipe heshima mbinu zenyewe. Kichwa cha binadamu kina shughuli nyingi, na kumpa mtu kamba ya kushikia si dhambi. Wako watu wazima, wenye ofisi na mihuri, ambao hawawezi kukwambia mwezi gani una siku 31 mpaka wakunje ngumi wahesabu vifundo vya vidole: kifundo siku 31, bonde pungufu. Hakuna anayewacheka, maana wanapata jibu sahihi. Tatizo linaanza pale kamba inapochukuliwa kuwa ndiyo maji. Kamba ya ndoo hukusaidia kuteka maji, lakini ukiifikisha nyumbani kamba peke yake, utapika nini?

Hebu tuijaribu MAGAZIJUTO yenyewe. Mama ana chupa ya mafuta ya kula, imejaa robo tatu. Jirani anakuja kuazima, anapimiwa nusu chupa. Jioni mama ananunua robo chupa, anaongeza mle mle. Je, chupa ina mafuta kiasi gani? Hata mtoto wa darasa la pili atakwambia: robo tatu ukitoa nusu inabaki robo, ukiongeza robo inakuwa nusu. Chupa ina nusu.

Sasa iandike hesabu hiyo kwenye daftari: robo tatu, toa nusu, jumlisha robo. Mpe mtu anayeisoma MAGAZIJUTO herufi kwa herufi. Atakwambia JU inatangulia TO, kwa hiyo tunajumlisha kwanza. Nusu na robo ni robo tatu. Robo tatu toa robo tatu ni sifuri. Chupa tupu! Mafuta yamekwenda wapi? Hayakumwagika, hayakuibwa. Yamekunywewa na kifupisho.

Ukweli ni kwamba kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na kuzidisha na kugawanya vivyo hivyo. Vikikutana vyenyewe kwa vyenyewe, unakwenda kwa foleni, kutoka kushoto kwenda kulia, aliyetangulia anahudumiwa kwanza. Mwalimu mzuri husema hivyo anapofundisha MAGAZIJUTO. Lakini kifupisho chenyewe hakisemi, na miaka ikipita mtu hubaki na kifupisho, maelezo yamekwisha potea. Na asije msomi wa kidato akatuchekea, maana BODMAS ya Kiingereza ina mtego ule ule.

Mimi kazi yangu ni ya sauti. Katika redio hatuna ubao wala chaki, na nikitaka uione robo lazima nikuchoree kwa maneno. Labda ndiyo sababu nimekuja kuamini kwamba mbinu nzuri ya kukumbukia ni ile inayomrudisha mtu kwenye kitu chenyewe, kwenye chupa, kwenye sinia, kwenye saa. Mbinu mbovu ni ile inayotoa amri na kuondoka zake. Tuzipitie chache, tuone ipi ni ipi.

Tuanze na majina. Shuleni tulifundishwa kwamba kila sehemu ina ghorofa mbili. Namba ya juu inaitwa kiasi, namba ya chini inaitwa asili. Watoto wengi huchanganya. Lakini lugha yenyewe imetuwekea msaada. Asili ni chanzo, ni mzizi, na mzizi hukaa chini. Asili inakwambia kitu kizima kilikatwa vipande vingapi. Kiasi ni kile ulichochukua, kama matunda, na matunda hukaa juu. Robo tatu basi ni kitu kilichokatwa vipande 4, ukachukua 3. Mtoto akiliona jambo hilo kama mti, hatasahau, na akisahau anaweza kulifikiria upya. Hiyo ndiyo alama ya mbinu nzuri: ukiipoteza, unaweza kuitengeneza tena mwenyewe.

Hapo hapo linatatuliwa kosa jingine la siku zote, la kudhani kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Mwulize mtoto: mkate mmoja, utapenda mgawane watu watatu au watu wanne? Kadiri wagawanaji wanavyozidi, ndivyo fungu la mmoja linavyopungua. Fundi bomba halihitaji somo hili. Ukimwambia alete paipu ya robo tatu inchi hakuletei ya nusu inchi, kwa sababu mkono wake unajua ipi nene. Mtoto wa fundi huyo huenda anapata sifuri darasani katika hesabu ambayo baba yake anaifanya kila siku na spana mkononi, na hakuna aliyewaunganisha.

Kugawana mikate, kwa taarifa yenu, ni hesabu ya kale sana katika bara letu hili. Lipo gunzi la mafunjo lililoandikwa Misri na karani aitwaye Ahmes, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Mwaka 1858 lilinunuliwa Luxor na Mskoti, Henry Rhind, na sasa liko kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Miongoni mwa hesabu zake za mwanzo ni kugawa mikate kwa watu 10. Mikate 6 kwa watu 10, kila mtu anapata nini? Sisi tungesema 6/10, tukarahisisha ikawa 3/5, tukaenda zetu. Ahmes alijibu: nusu, na moja ya kumi. Ukiitazama kwa jicho la mgawaji utaona hekima yake. Kata mikate 5 nusu nusu, kila mtu kapata nusu. Umebaki mkate mmoja, ukate vipande 10, kila mtu kimoja. Hakuna wa kulalamika kwamba cha mwenzake ni kikubwa. Jibu lake ni hesabu, na pia ni maelekezo ya kisu.

Sasa tuje kwenye kujumlisha, mahali ambapo wengi huvunjikia. Wameandaa sinia la pilau. Watoto wamekula nusu ya sinia, wageni wamekula theluthi. Kwa jumla kimeliwa kiasi gani? Mwanafunzi mwenye haraka anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini: moja na moja ni mbili, mbili na tatu ni tano, jibu 2/5. Mwulize swali moja tu: mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Ni ndogo. Yaani watoto walikula nusu, wageni wakaja wakala tena, na pilau ikaongezeka! Wageni wa namna hiyo tungewaomba waje kila siku.

Hapa mwalimu husema: tafuta KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika. Ni sawa kabisa. Lakini KDS ikibaki herufi tatu tu, mtoto ataikariri Jumatatu na kuipoteza Ijumaa. Mwambie hivi: huwezi kuchukua dola 2 na shilingi 3 ukasema una 5. Tano za nini? Lazima ubadilishe zote ziwe fedha ya aina moja. KDS ni duka la kubadilishia fedha. Nusu na theluthi zinabadilishwa kuwa vipande vya sita. Nusu ni vipande 3, theluthi ni vipande 2, jumla 5 kati ya 6. Sinia limebakiwa na sehemu moja ya sita, na mpishi bado hajala.

Bibi zetu walikuwa na KDS kabla hawajaisikia. Katika vipimo vyetu vya kale vya nafaka, vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Kwa hiyo kisaga ni nusu ya pishi, na kibaba ni robo ya pishi. Mtu akileta pishi moja, kisaga kimoja na kibaba kimoja, bibi hakutafuta kalamu. Aliviweka vyote kwa vibaba: 4, na 2, na 1, jumla 7. Robo saba, maana yake pishi moja na robo tatu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba na kibaba hujaza pishi.

Kuzidisha kwa sehemu nako kuna neno lake dogo la kukumbukia. Neno lenyewe ni "ya". Nusu ya robo, theluthi ya nusu: kila unaposikia "ya" katikati ya sehemu mbili, hiyo ni alama ya kuzidisha. Ndiyo maana mtoto hapaswi kushangaa kwamba amezidisha na jibu limekuwa dogo. Nusu ya nusu ni robo. Hakuna uchawi, umekata kilichokwisha kukatwa.

Kugawanya ndiko kunakoogopwa zaidi, na ndiko kwenye amri maarufu kuliko zote: pindua ya pili, kisha zidisha. Wengi tunaikumbuka amri hiyo. Wangapi tunajua kwa nini tunapindua? Twende dukani. Mwenye duka ana kilo 3 za sukari, anataka kuzifunga robo robo. Atapata vifuko vingapi? Kila kilo inatoa vifuko 4, kilo 3 zinatoa 12. Tazama alichofanya: amegawanya 3 kwa robo, na kumbe alikuwa anazidisha 3 kwa 4. Amepindua bila kuambiwa. Sasa tuseme anataka vifuko vya robo tatu. Anazo robo 12, kila kifuko kinakula robo 3, kwa hiyo vifuko 4. Amezidisha kwa 4, halafu akagawanya kwa 3. Robo tatu imepinduka mbele ya macho yetu, juu ya kaunta ya duka la mtaani. Mtoto aliyefundishwa kwa vifuko vya sukari, hata akisahau ni ipi inayopinduliwa, ya kwanza au ya pili, anarudi dukani kichwani mwake anaipata. Aliyefundishwa amri tupu anabahatisha.

Ndugu msikilizaji, Kiswahili chenyewe kina mbinu iliyofichwa ndani yake, na sijui kwa nini hatuitumii. Nusu na robo tunazijua. Lakini wakubwa wetu, hasa wa Pwani, walizijua na nyingine: theluthi kwa tatu, humusi kwa tano, sudusi kwa sita, subui kwa saba, thumuni kwa nane, tusui kwa tisa, ushuri kwa kumi. Vijana wakizisikia wanadhani ni majina ya watu. Hebu sikiliza kwa makini, ukianzia makumi. Thelathini, theluthi. Arobaini, robo. Hamsini, humusi. Sabini, subui. Themanini, thumuni. Tisini, tusui. Maneno hayo ni ndugu wa damu, yamezaliwa kutoka mizizi ile ile ya Kiarabu. Chukua makumi, ondoa sifuri, umepata asili ya sehemu. Na ushuri wa moja ya kumi ni jamaa wa karibu wa ushuru tunaotozwa sokoni.

Ukilishika hilo, hutapotezwa na thumuni ya mfukoni. Wakubwa watakumbuka kwamba senti 50 iliitwa thumuni, hali senti 50 ni nusu ya shilingi, si moja ya nane yake. Jina la sarafu ni jina tu. Jina la sehemu ni hesabu, na themanini yuko pale kukukumbusha.

Sasa naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo hesabu inapoacha kuwa ya daftari. Katika mirathi ya Kiislamu kuna mafungu sita yaliyotajwa: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi moja na sudusi. Wanafunzi wa elimu ya mirathi huyakumbuka kwa mafungu mawili: nusu, na nusu yake, na nusu ya nusu yake; kisha theluthi mbili, na nusu yake, na nusu ya nusu yake. Ihesabu mwenyewe uone inavyokaa. Hiyo ni mbinu ya kukumbukia iliyotimia, kwa sababu ukiikariri unakuwa umefanya hesabu.

Mke aliyefiwa na mume asiyeacha mtoto hupata robo. Kama marehemu aliacha mtoto, mke hupata thumuni. Wajane wengi wanalijua neno hilo, thumuni, na wanalishika. Lakini je, kujua neno kunatosha? Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa swali akiwa juu ya mimbari. Mtu amekufa, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke fungu lake thumuni. Mabinti, theluthi mbili. Baba sudusi, mama sudusi. Badilisha zote ziwe fedha moja, vipande vya 24. Mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumlisha: 27. Vipande 27 kutoka kwenye kitu chenye vipande 24! Mafungu yamezidi mali.

Ali alijibu hapo hapo kwamba thumuni ya mwanamke huyo imekuwa tusui. Maana yake mali haitagawanywa tena kwa 24 bali kwa 27, kila mmoja apungue kwa uwiano wake, na vipande 3 vya mke katika 27 ni moja ya tisa. Ndivyo wanazuoni wengi walivyofuata.

Tuseme mali ni shilingi milioni 27. Mjane anayejua thumuni tu anatarajia shilingi 3,375,000. Anapewa milioni 3. Anarudi nyumbani analia kwamba ameibiwa, na ukoo unagawanyika, kumbe hesabu ni ya haki. Sasa geuza shilingi. Mjane mwingine, ambaye marehemu wake hakuacha warithi wa kuzidisha mafungu, anaambiwa kwa sauti nzito na shemeji aliyevaa miwani kwamba thumuni yako imepungua, hesabu ndivyo zinavyosema. Naye ananyamaza, maana hesabu hazijui. Wote wawili wameshika neno sahihi, na wote wawili wako mikononi mwa watu wengine. Asiyejua sehemu hugawiwa, hagawi.

Na mambo haya hayaishii nyumbani. Sisi waandishi wa habari hutamka "theluthi mbili" kila linapokuja suala la Katiba. Katiba yetu ya mwaka 1977 inataka kura za theluthi mbili ya wabunge wote ili kubadili vifungu vyake. Angalia hilo neno "wote". Theluthi mbili ya wabunge wote si sawa na theluthi mbili ya waliohudhuria siku hiyo. Na kwa mambo fulani ya Muungano, zinatakiwa theluthi mbili za Tanzania Bara na theluthi mbili za Zanzibar, kila upande peke yake. Mwaka 2014, katika Bunge Maalumu la Katiba, sharti la namna hiyo ndilo lililofanya nchi nzima ihesabu vidole.

Kwa nini pande mbili zihesabiwe mbalimbali? Chukua mfano wa kubuni. Kikao kina watu 90 wa upande mmoja na 30 wa upande wa pili, jumla 120. Theluthi mbili ya wote ni 80. Hao 80 wanaweza kutoka upande mkubwa peke yake, na upande mdogo asinyooshe mkono hata mmoja. Ukihesabu kila upande peke yake, unahitaji 60 huku na 20 kule. Jumla bado ni 80. Namba ile ile, lakini haki si ile ile. Tofauti yote iko katika swali moja: theluthi mbili ya nini?

Hilo ndilo swali ninalotaka ubaki nalo. Kila sehemu ni sehemu ya kitu. Nusu ya kibaba si nusu ya pishi. Kabla ya KDS, kabla ya kupindua, kabla ya MAGAZIJUTO, mtoto afundishwe kuuliza: nusu ya nini? Na akipata jibu aulize la pili: je, jibu hili linaingia akilini? Pilau inaweza kuongezeka baada ya kuliwa?

Nasisitiza hivyo pia kwa sababu ya safari iliyo mbele ya watoto wetu. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili shule ya msingi akiingia kidato cha kwanza anaikuta hisabati kwa Kiingereza. Siku moja tu kiasi na asili vimebadilika majina, KDS imebadilika herufi, MAGAZIJUTO imebaki nyuma ya geti. Aliyekuwa na vifupisho peke yake amepokonywa kila kitu, anaanza upya kama yatima. Lakini aliyeliona sinia likikatwa vipande sita anavuka nalo, kwa sababu sinia halina lugha.

Mzazi mwenzangu, huhitaji kuwa mwalimu. Mtoto wako alikuwa anajua sehemu kabla ya kwenda shule. Amesikia "saa mbili kasorobo" tangu anajifunza kusema. Mwulize saa mbili kasorobo maana yake nini, atagundua kwamba mbili toa robo ni moja na robo tatu. Ukimkatia chungwa, mpe kazi ya kugawa yeye, na aliyegawa awe wa mwisho kuchagua. Hapo utaona jinsi jicho linavyopima! Ukimtuma dukani, mwache ahesabu kilo moja na nusu ni robo ngapi. Na akikuletea daftari lenye alama ya kosa, usimpige na usimwambie "kariri". Mwambie akusimulie hesabu hiyo kama habari ya watu na vitu.

Na mwalimu, ambaye najua una darasa la watoto wengi na chaki chache, sikuombi uitupe MAGAZIJUTO. Iache, ni urithi wetu. Nakuomba tu uiongezee maneno machache yaliyokosekana: wenye cheo sawa wapange foleni. Na kila unapotoa amri ya kupindua, fungua kwanza duka, pima sukari, halafu ndipo pindua.

Hadi wiki ijayo panapo majaliwa, nakutakia usikilizaji mwema. Kwaheri.